Mlevi wa Pua

Niseme mapema nisije nikasumbuliwa na maswali: mimi ni Muislamu, sijaonja pombe tangu nizaliwe, na kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kuhukumu mvinyo. Najua yaliyosemwa juu ya anayeubeba na anayeuuza. Nshayasikia kwa wifi yangu, nshayasikia kwa jirani wa ghorofa ya juu, nshayasikia hata kwa muuza mchicha wa Darajani. Usinambie tena. Mimi nnanusa tu. Ulimi wangu haumo.

Jina nilipewa na marehemu mume wangu, Zahor. Kila nikirudi kazini ananipokea mlangoni: "Mlevi wa pua huyo karudi! Haya, leo umelewa nini?" Namwambia leo nimelewa ndimu na karafuu, au leo nimelewa ngozi ya viatu. Anacheka, ananisogelea, nami nnamnusa na yeye. Alikuwa fundi wa mafriji. Alikuwa ananukia ndimu, kwa sababu ndimu ndiyo aliyojisugulia mikono kutoa grisi, na chini ya ndimu kuna grisi yenyewe, na chini ya grisi yumo yeye.

Zahor kafa mwaka jana, baada ya sala ya alasiri, kakaa kwenye kiti anangojea chai. Chai ilipofika yeye kashakwenda zake. Harufu ya mwisho niliyoisikia mimi duniani ni kafuri, siku ile wanamwosha nyuma ya pazia. Baada ya hapo, basi. Nilidhani ni kulia kumeniziba, lakini sikuwa nimelia. Nilidhani mafua, lakini pua ilikuwa kavu. Nikakaa eda yangu miezi minne na siku kumi, sijitii mafuta mazuri, sijifukizi, kama inavyotakiwa. Siku ya kutoka eda wifi yangu Kidawa akanifukiza udi mpaka nyumba nzima ikawa moshi mtupu na macho yananiwasha, mimi nikamwambia, "Kidawa, hebu tazama, makaa yamezimika." Akabaki ananitazama. Mwenzangu alikuwa anakohoa kwa udi.

Daktari alinimulika akasema pua nzima, haina neno. Haina neno kweli. Iliambiwa ikae bila manukato, ikatii, na mpaka leo inatii.

Sikumwambia mtu. Si haya iliyonizuia, maana tangu siku ile ya kafuri haya nayo siisikii, wala furaha, wala hasira niliyokuwa nayo nyingi kupita kiasi. Watu wanakuja kunipa pole, nnaona midomo yao inakwenda, nnawaambia ahsanteni, nnawapa chai. Lililonizuia ni stoo.

Hoteli yetu ni jumba la zamani mtaa wa Kiponda, na mwenye nalo ana nyengine Bwejuu, ufukweni. Mvinyo wa kote kuwili unapitia kwangu. Stoo iko chini kabisa, haina dirisha, kiyoyozi kinanguruma usiku na mchana, ndani ni baridi na giza. Pembeni nnaweka beseni la maji, kila asubuhi nnalijaza, ili hewa iwe na unyevu, maana hewa kavu inakausha vizibo, na kizibo kikikauka mvinyo unakufa. Ufunguo ni mmoja na ninao mimi. Na rafu ya chini, nyuma ya chupa ambazo hakuna mgeni anayeziagiza, nilificha fulana.

Ni fulana aliyovuliwa Zahor kabla hajaoshwa. Niliifunga mfuko juu ya mfuko, fundo juu ya fundo. Wakati wa eda ilikaa kabatini, nami nikawa nnahesabu joto la mji huu kila siku, kwa sababu joto linakula harufu, kila mwenye kazi kama yangu anajua. Nilipoanza tena kazi nikaileta stooni, pahala panapotunza harufu ya zabibu miaka kumi isipotee. Nikajiambia, pua itarudi, na siku itakayorudi kitu cha kwanza nitakachoifungulia ni hiki. Sikuifungua hata mara moja. Ukifungua inapungua.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Wakijua pua imekufa watachukua ufunguo. Wakichukua ufunguo, fulana inatoka kwenye baridi, na kilichobaki cha Zahor kinapotea kabla sijakisikia. Mengine yote yalikuwa yananipita kama redio ya jirani.

Miezi sita niliwadanganya. Si kazi ngumu ukiwa na daftari. Mimi daftari langu naandika kwa Kiswahili changu mwenyewe, tangu siku ile niko bado mtandika vitanda, nimepita karibu na meza ya mgeni nikamwambia mhudumu, "Chupa ile inanuka mkeka uliolowa." Wakacheka. Mgeni akaonja, akairudisha jikoni. Ikawa kweli imeharibika, kizibo kimeiambukiza. Toka siku hiyo wakaniita kila chupa mpya inapofika, na "mkeka uliolowa" likawa neno la hoteli nzima. Hata wapishi wakiona kitu kimeharibika wanasema, mkeka huo.

Kazi yangu yote iko kwenye herufi moja. Kuna kinachonuka na kuna kinachonukia. Unatikisa glasi, unanusa mara mbili. Nusa ya kwanza ni ya salamu, usiseme kitu. Ya pili ndiyo ya maneno. Anayesema baada ya ya kwanza anabahatisha au anaongopa. Haya niliwafundisha wengi, na miezi sita ile nilikuwa nikinusa mara mbili barabara kabisa, kama anayesali bila udhu, halafu nnasoma yaliyoandikwa kwenye chupa na kuyapanga kwa maneno yangu.

Ndipo Jumatano iliyopita akaja Mreno.

Meneja wetu ni Samir, mtoto wa watu wa Malindi, kijana mwenye adabu ambaye tangu nipate msiba ananisemesha polepole kama mtu anayebeba mayai. Akanishukia stooni asubuhi.

"Shikamoo, Bi Nada."

"Marahaba, mwanangu."

"Yule Bwana Duarte wa Ureno kashafika. Ana chupa sita, tatu nyeupe, tatu nyekundu. Tajiri anasema tukipenda, hoteli zote mbili tutauza mvinyo wake mwaka mzima. Unajua mimi sinywi, na tajiri yuko safari. Neno lako ndilo litakalokwenda."

"Zina maandishi?"

"Kazivisha soksi," akasema Samir, akacheka. "Anasema kasikia habari zako, anataka unuse bila kuona jina."

Soksi. Nikapanda naye juu, na kitu pekee kilichokuwa kikipita kichwani mwangu ni: rafu ya chini, rafu ya chini.

Bwana Duarte alikuwa mtu mzima, mfupi, shati limemganda mgongoni kwa joto. Chupa zake kweli zilikuwa na soksi za mpira za rangi ya buluu. Akanipa mkono, mimi nikauweka wangu kifuani, akaelewa, naye akauweka wake kifuani. Samir akakaa katikati yetu kufasiri, Kiingereza huku na Kiswahili huku. Kulikuwa na kitambaa cheupe mezani, glasi, na mkate wa kusafishia mdomo, kwa yeye anayeutumia mdomo.

Akamimina wa kwanza, mweupe. Nikauinua kwenye kitambaa nikautazama rangi. Ulikuwa kama maji ya madafu. Nikatikisa, nikanusa mara moja, nikanusa mara mbili. Nilikuwa nnanusa ukuta.

Sasa yule bwana alikuwa na tabia. Kabla ya kuandika kwenye kijitabu chake na yeye alinusa, akajisemea mwenyewe kwa lugha yao, chini chini, kama mtu anayehesabu rakaa. Na katikati ya mnong'ono huo nikasikia neno ninalolijua. *Limão.*

"Limau," nikasema. "Limau bichi, na majani yake."

Samir akafasiri. Mreno akainua kichwa, uso umemchanua. Akasema mengi, Samir akanambia, "Anasema ndio hasa! Hajawahi kuona mtu kapata upesi hivyo."

Wa pili, mweupe vilevile lakini unaelekea njano. Nikanusa kuta zangu mbili. Nikategea sikio. Akanong'ona, akanong'ona, akasema *ananás*.

"Nanasi," nikasema. "Lililoiva, siku moja kabla ya kuharibika."

Mreno akapiga meza kofi. Samir akanitazama kwa fahari, utasema kanizaa yeye. Nami nikajiambia, Nada, unavuka. Watu hawa walikuja na mizinga, wakakaa karibu miaka mia mbili, wakaondoka wakatuachia meza na leso na mvinyo wenyewe na majina ya matunda. Basi leo angalau yamenifaa.

Wa tatu. Akanusa, akafumba macho, akasema pole pole, kwa raha zake, *pêra*.

Pera! Nani asiyelijua pera? Sikungoja hata.

"Pera," nikasema. "Nyumba ya babu yangu Chwaka kulikuwa na mpera uani. Hili ni lile pera lililoanguka lenyewe, mvua ikalinyeshea, likapasuka, ndani jekundu, na mbuzi kashapita karibu. Likinukia hivyo hata chumbani hulali."

Niliyasema vizuri. Samir akayafasiri kwa madaha, na mkono akiupeleka kuonesha mbuzi. Mreno akasikiliza, na kwenye uso wake nikaona kitu kinarudi nyuma. Akauliza swali. Samir akamjibu, akamchorea tunda hewani, la duara, mbegu nyingi. Mreno akatikisa kichwa, akachora lake, chini pana na juu lina shingo.

"Bi Nada," akasema Samir, "anasema kwao pera si pera letu. Ni lile tunda linaloletwa kwa ndege, gumu, lina shingo, linauzwa supamaketi limefungwa karatasi moja moja."

Mreno akanitazama. Akaitazama glasi ya kwanza, akaitazama ya pili, midomo ikacheza bila sauti: *limão*, *ananás*. Akanitazama tena. Akafunga kijitabu chake, akakitia mfukoni.

Hakunifichua. Mtu mzima yule. Akamwambia Samir tuendelee na nyekundu, na tangu hapo hakunong'ona tena hata herufi.

Unajua, nilitegemea kuogopa. Nilijingojea niogope, jasho linitoke, moyo uende mbio. Hakuna. Nilikuwa nimekaa pale kama mzigo uliosahauliwa bandarini, nnaziona glasi nyekundu zinawekwa mbele yangu, na ninajua kwa akili tu, bila moyo, kwamba fulana ya Zahor iko chini ya miguu yangu ghorofa mbili na mimi ndiye ninayeipoteza.

Nyekundu ya kwanza nikasema karafuu na tumbaku. Nyekundu nyingi zina karafuu au tumbaku. Samir akaandika. Mreno akainamisha kichwa kwenye glasi yake. Ya pili nikasema ngozi ya viatu vipya. Akainamisha kichwa tena.

Ya tatu ilikuwa nzito, nyeusi kuelekea zambarau, na nilipoitikisa ikashuka polepole kwenye kioo kwa michirizi minene. Macho yangu hayajafa. Nikasema kwa macho, maana pua sina.

"Huu ndio bwana wa zote. Kuna zambarau humu, kuna mdalasini, kuna udi kwa mbali. Mwanangu, katika sita hizi, kama utachukua mmoja, chukua huu."

Samir akaanza kuandika. Mreno akanyoosha mkono kama anataka kumzuia, halafu akaurudisha pajani. Alikuwa ananionea huruma, na huruma yake niliiona vile vile nnavyoona rangi ya ukuta.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa akaingia Muhiddin.

Muhiddin ni mpishi wetu mkuu, mtu wa Makunduchi, mimi na yeye tumeanza kazi mwaka ule ule, na Zahor alikuwa rafiki yake kabla hajawa rafiki yangu, maana nani aliyekuwa akitengeneza friji la samaki pale jikoni kila linapogoma? Kaingia na sinia ya samaki, changu wa kukaanga, sauti inamtangulia kama siku zote.

"Haya, wanywaji wasiokunywa, nimekuleteeni cha kutafuna!"

Meza ilikuwa imejaa. Akaiinua glasi yangu ile ya mwisho aisogeze kando, ikampita chini ya pua.

"Lo! Bi Nada!" akasema huku anacheka. "Mkeka uliolowa huo, mbona hujaumwaga? Au unamuonea haya mgeni?"

Akacheka peke yake. Akamtazama Samir, akanitazama mimi, kicheko kikamfia mdomoni. Mama yake Muhiddin alisuka ukili wa mikeka maisha yake yote. Mkeka uliolowa akiutaja yeye, hakosei.

Mreno alikuwa anatazama kitambaa. Kumbe alishajua tangu alipoifungua chupa. Alikuwa anangoja niseme mimi.

"Bi Nada?" akasema Samir.

Nikasema. Nilisema kama mtu anayesema saa ngapi. "Sisikii harufu, Samir. Tangu Zahor afe sisikii kitu. Niwekee papa mkavu hapa chini ya pua, sitajua."

"Tangu..." Akahesabu kwa vidole bila kujijua. "Na zile tulizopeleka Bwejuu? Zile wageni walizorudisha, nikawajibu kwamba mvinyo umepita kwa Bi Nada mwenyewe hauwezi kuwa na kasoro?"

"Na hizo."

"Ungenambia."

"Nikikwambia ungefanyaje?"

Jibu lilikuwa moja na sote tunalijua. Akafuta uso kwa kiganja. Aliumia mtoto yule, aliumia kuliko mimi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa sasa, kwa sasa tu, dobini wana upungufu wa mtu, nipumzike kwanza huko, na ufunguo wa stoo nimkabidhi.

"Nipe dakika kumi," nikamwambia. "Nina kitu changu kule."

Nilipoinuka Mreno naye akainuka. Ile glasi ya tatu nyeupe ilikuwa mkononi mwake. Akamsemesha Samir, na Samir akanifasiria bila kunitazama usoni: "Anasema kaunusa tena huu. Anasema pera lenu limo kweli. Pera lenye mbegu. Anasema miaka yote anauza mvinyo huu na alikuwa halijui." Sijui kama ni kweli au alikuwa ananisitiri. Mimi si wa kuulizwa tena. Niliweka mkono kifuani nikatoka.

Muhiddin akanifuata mpaka stooni. Mlango nikauwacha wazi. Alikuwa ananisemesha kwenye ngazi nzima, "Nisamehe, Bi Nada, wallahi sikujua, ulimi wangu huu, ulimi wangu huu," na mimi nnamwambia yamekwisha, Muhiddin, yamekwisha. Nikapiga magoti, nikazitoa zile chupa zisizoagizwa, nikautoa mfuko.

"Nini hicho?"

"Fulana ya Zahor. Aliyokufa nayo."

Akakaa juu ya katoni.

Niliushika ule mfuko mapajani. Nikafikiri, kule dobini ni mvuke na moto kutwa. Nyumbani ni joto. Hapa natolewa. Pua hairudi, au itarudi mwakani, au itarudi nikiwa kizee, na mfuko huu hautangoja. Miaka kumi na tisa watu wakinipa glasi wananiambia, hebu nusa utwambie. Hakuna siku hata moja nilimpa mtu mimi.

"Muhiddin. Wewe pua yako nzima."

"Bi Nada..."

"Ninusie. Nambie bado inanukia."

Nikafungua fundo la kwanza, na la pili, na la tatu. Nikampa. Akaipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto, akainama, akanusa, akainua kichwa hapo hapo.

"Inanukia," akasema. "Inanukia, Bi Nada. Ndimu. Ndimu ile yake. Na grisi kidogo."

Alikuwa anatabasamu. Alimjua Zahor vizuri, alijua nini cha kusema. Nami nilitaka, Mungu ananijua, nilitaka niichukue ile fulana niifunge tena niondoke na maneno yale.

"Umenusa mara moja," nikamwambia.

Tabasamu likabaki pale pale, lakini macho yakaondoka.

"Nani alikufundisha kusema baada ya nusa ya kwanza? Mimi? Rudia."

"Bi Nada, wacha."

"Rudia, Muhiddin."

Akainamisha uso tena. Safari hii akakaa. Nikaona mgongo wake unapanda na kushuka. Alipoinua kichwa hakunitazama mimi, alitazama pembeni, kule kwenye beseni.

"Inanuka," akasema.

Ile herufi moja haikuwemo.

"Inanuka nini?"

"Usinitese, dada yangu."

"Nini?"

"Mkeka," akasema Muhiddin. "Mkeka uliolowa. Imefanya ukungu. Hakuna kitu chengine, nimetafuta."

Nikaichukua. Nikaikunjua kwenye mwanga wa mlangoni, nikaona madoa meusi madogo madogo, kwapani na shingoni, pale hasa alipokuwa yeye. Nikageuka nikalitazama beseni. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Nimelijaza asubuhi ile ile, kwa mkono wangu, kama kila asubuhi miezi sita, ili vitu visikauke.

Nilianza kucheka kwanza, nadhani ni kucheka. Halafu kitu kikanishika hapa, chini ya mbavu, kikaniuma. Kikaniuma wallahi, kikauma kama kilikuwa kimekaa nje ya mlango tangu siku ya kafuri kinangoja nani afungue. Nikamwita Zahor kwa jina lake. Nikamwita tena. Nililia kwa sauti mle stooni mpaka nikamsikia Samir anashuka ngazi mbio na Muhiddin anamwambia mwacheni, mwacheni kwanza. Pua, ambayo haikuwa na kazi mwaka mzima, ikanitoka makamasi mfululizo mpaka mdomoni.

Muhiddin akanipa ncha ya aproni yake. Lazima ilikuwa inanuka samaki na vitunguu. Nikajifutia.